Mzee Nyaya na Laini Sita za Mbali

Naanza kwa kuomba radhi. Jarida hili la wafanyakazi limekaa kimya miezi minane, na kosa ni langu mimi mhariri, si la mpiga chapa. Limerudi kwa sababu yupo mtu ambaye haifai aondoke bila kuandikwa.

Tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi wetu wa mtandao, ambaye ofisi nzima humwita Mzee Nyaya, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara kuu. Alianza akiwa fundi wa simu. Ndiye aliyepitisha nyaya juu ya dari za ghorofa zote tatu, na mpaka leo akitaka kujua waya umepita wapi hafungui mchoro. Hugonga dari kwa mpini wa ufagio, akasikiliza.

Siku hizo majibu ya vipimo yalisomwa kwa simu. Karani wa huku alisoma, muuguzi wa zahanati akaandika. Siku moja laini ilikuwa ikikatikakatika, na majibu ya mgonjwa mmoja yakaandikwa kwenye jina la mwingine. Kosa liligunduliwa baada ya siku mbili. Kwa bahati wagonjwa wote wawili walipona. Juma lililofuata Mzee Nyaya aliomba apewe kompyuta iliyokuwa imetupwa stoo.

Kompyuta hiyo aliiandikia skripti, yaani orodha ya amri zinazofuatwa moja baada ya nyingine: piga zahanati ya kwanza, jitambulishe, tuma faili, hakikisha limefika, kata, nenda ya pili. Kazi yenyewe ya kupiga na kukata aliiachia kijenzi, kipande cha programu kilichotengenezwa na kampuni nyingine, ambacho skripti hukiita kila inapohitaji kuungana na mashine ya mbali. Wakubwa walimwuliza kwa nini asiandike yote mwenyewe. Alijibu, "Mke wangu ni fundi cherehani, na sijamwona hata siku moja akisokota uzi."

Haki inataka nitaje na kosa lake. Kijenzi kile kikimaliza kazi hurudisha namba, na sifuri maana yake ni kwamba hakuna hitilafu. Mzee Nyaya, aliyesoma enzi ambazo sifuri ilikuwa alama ya kufeli, aliichukulia kuwa imeshindikana, akaiagiza skripti irudie hadi mara tano. Asubuhi ya kwanza kila zahanati ilipokea majibu yaleyale mara tano. Mganga mmoja alipiga simu akihema: "Mzee, jana nilipima watu kumi na wanne wa homa ya matumbo, leo nina sabini! Wametokea wapi?" Akaambiwa, "Hesabu vichwa, daktari, usihesabu karatasi." Kisha Mzee akaliandika kosa hilo katika daftari la hitilafu na kutia saini chini yake. Katika miaka yangu ya kazi sijaona wengi wanaofanya hivyo.

Tangu hapo, kwa miaka kumi na saba, zahanati ishirini na mbili zimepata majibu kila siku kabla ya saa mbili asubuhi. Mwaka jana kumi na sita zilihamia mfumo mpya wa intaneti. Sita ziko mahali ambapo intaneti huja na kuondoka, na mfumo mpya hauvumilii hilo. Kampuni iliyotengeneza kijenzi nayo imekwisha kufungwa. Kwa hiyo uongozi unauliza swali la haki: Mzee akiondoka, nani ataitunza skripti? Asipopatikana, laini sita zitafungwa, na wauguzi watarudi kwenye simu na kalamu.

Hilo ndilo lililomnyima Mzee raha miezi hii mitatu. Wastaafu wengine huzunguka wakiaga. Yeye aliandika maelekezo, kurasa arobaini na moja. Nilimrudishia azisahihishe mara mbili tu. Alhamisi iliyopita aliomba jaribio. Mbele ya kamati itakayoamua hatima ya laini hizo aliondoa skripti na kijenzi katika mashine, akaacha nakala zake mezani, akashuka kukaa kantini. Fundi anayechukua nafasi yake, mama wa watoto wawili ambaye humwita baba, alibaki kuvirudisha kwa kufuata zile kurasa peke yake.

Hadi saa nne laini tano zilikuwa zimeunganishwa. Ya sita ilikataa. Fundi akajaribu mara tatu, kisha akashuka na kurasa mkononi.

"Baba, ya sita haiitiki. Nimefuata kila ulichoandika."

"Umesubiri?"

"Nisubiri nini? Hukuandika nisubiri."

Mzee alizisoma kurasa zake, akacheka peke yake. Zahanati ile ina modemu kuukuu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu. Ikikatwa, lazima ipumzike nusu dakika kabla ya kupigiwa tena. Miaka yote, akishaijaribu laini hiyo kwa mkono, yeye alikuwa na desturi ya kwenda kunywa maji ukumbini, na akirudi ndipo anapoiwasha skripti. Hakujua kwamba bilauri ile ya maji ilikuwa sehemu ya kazi.

"Basi andika," alimwambia, "na jina lako uliweke."

Fundi aliandika. Saa tano kasoro robo muuguzi wa zahanati ya sita alipiga simu kusema majibu yamefika.

Wajumbe wengine wanasema jaribio limefaulu. Mwenyekiti anasema limeonyesha alichokihofia, kwamba mengi yamo kichwani mwa mtu mmoja. Kwa maoni yangu, hilo moja sasa limo katika ukurasa wa thelathini na nane.

Mzee, wafanyakazi wote wanakushukuru. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye utulivu na watu wasiokuamsha kwa sababu ya waya. Hukutaka zawadi, uliomba tu usiachwe ukikisia habari za zile zahanati sita. Kamati itakutana juma la pili la mwezi ujao. Ikishaamua, ziendelee au zifungwe, nitakuandikia siku hiyohiyo.