Jina ya Kitsa ku barrière

Mwaka ule Beni ilikuwa imechoka kuzika. Sisi wa mtaa wa Bungulu tulikuwa tunakaa asubuhi ku benchi ya Mama Mariette, muuza kahawa, tunabishana ili tusisikilize habari zingine. Stanislas tulikuwa tunamwita Courant, ni kusema umeme, sababu anatengeneza panneau za jua. Kakule tulimwita Procureur: alisomea sheria mwaka mumoja tu, vita ikafunga masomo. Na Kitsa, seremala, mutu wa kigugumizi tangu utoto. Wiki ile alikuwa ametoka kifungoni. Ku barrière, kizuizi ya askari ku njia ya Mabalako, banapitisha batu mumoja mumoja. Alionyesha carte ya kitambulisho, lakini soda mumoja wa jeshi akataka asikie jina kwa kinywa chake. Neno likakwama. Soda akasema: mutu asiyejua jina yake ni adui. Siku tatu ndani.

Asubuhi moja ya wiki ile Christa, dada ya Kitsa, muuguzi, alifika ametoka formation Butembo.

– Kaka, kuko kitu tulifundishwa. Kule Ulaya ba-docteur banaweka sponji mbili za maji ku kichwa, courant kidogo sana inapita. Hakuna sindano, hakuna kupasua. Na wakati ule ule mugonjwa anajifunza kusema.

Courant akaruka.

– Si nilisema! Kigugumizi ni mauvais contact, nyaya hazigusane vizuri. Nilete batterie ya pikipiki, volt kumi na mbili, leo leo anahubiri!

– Utamuua, Christa akasema. Ile courant ni ndogo, ata taa yako haiwake.

– Wazee walisema mugeni njoo, mwenyeji apone. Courant ni mugeni!

Procureur akatikisa kichwa.

– Mimi napinga. Basoda bakisikia courant inafungua kinywa, batatuwekea ile courant sisi bote ili tuungame. Mais oui! Na kigugumizi ya Kitsa si ugonjwa. Ni maneno yalikimbia vita, yakajificha mu tumbo.

– Alikuwa nayo mbele vita ianze, Mama Mariette akasema. Mimi naogopa ile courant itafuta na majina ya batoto yake.

Kitsa alikuwa anazungusha kikombe. Akauliza polepole:

– I-i-inaponyesha?

Christa hakumudanganya.

– Bengine ilibasaidia wiki kadhaa. Kisha, hatujue. Na courant peke yake haina kazi, kazi kubwa ni mazoezi.

– Iko B-b-beni?

– Hapana. Ata Butembo sijaiona.

Procureur akasema, kwa sauti ya kuchoka:

– Donc, umetuletea harufu ya nyama, nyama yenyewe hakuna.

– Mazoezi iko hapa, Christa akasema. Mutu wa kigugumizi akisema pamoja na mwingine, maneno ile ile, mara nyingi haikwame. Simameni.

Tukasimama bote, kama kwaya ya watu wenye njaa. Christa akahesabu kwa mukono.

– Naitwa Kitsa. Natoka Bungulu. Naenda ku shamba.

Mara ya kwanza tulimumeza kwa kelele. Mara ya pili Christa akatushusha sauti. Mara ya tatu nikasikia sauti moja nzito katikati yetu, inatembea vizuri, haikwame fasi hata moja. Ilikuwa ya Kitsa. Miaka makumi mbili nakaa naye, sikuwahi kuijua. Akaficha uso na mikono yake miwili. Courant alikuwa anafuta macho na kitambaa ya mafuta.

Hapo Gracieuse, muke ya Kitsa, akafika na mifuko tupu ku bega. Kakao yao ilikuwa imeiva kule Mabalako, na ingine ilishaanza kuoza ku miti. Tukamuelezea, bote kwa mara moja. Akasikiliza mupaka mwisho.

– Aksanti sana. Na kule ku barrière, kwenye banapita mumoja mumoja, nani atasema pamoja naye?

Christa akashika mukono wa kaka yake, akauachilia. Mama Mariette akainamisha birika, ikatoka masimbi ya kahawa tu.

Kitsa akachukua panga na mufuko mumoja.

– T-t-t…

Courant alitaka kumumalizia neno. Gracieuse akamuzuia kwa mukono. Akasimama pale njiani, hana haraka, anaangalia kinywa cha bwana yake.

– T-t-tuende, Kitsa akasema.

Bakaenda, njia ya Mabalako.