Swali la Barabara ya Boga

Tarehe 31 Desemba 2005, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Papa Baudouin Katsuva atavua kaski yake ya kusikilizia, aitundike msumarini, aende zake nyumbani Saio. Hatimaye tutapumua! Hakuna kaseti ya Habari Njema iliyotoka katika chumba chetu cha kurekodi hapa Bunia, iwe ya Kilendu, ya Kihema au ya Kialuri, bila yeye kusema kwanza, "Rudieni."

Kazi yake ni kuhakiki. Kaseti ikisharekodiwa, huipiga mbele ya mtu wa lugha ile, kisha mtu huyo husimulia kwa Kiswahili alichosikia. Akisimulia sawa, kaseti inapita. Akiyumba, tunaanza upya.

Zamani wasikilizaji wake walikuwa wazee wa kanisa. Siku moja Papa Baudouin akakosea kaseti, akaweka ya mfano wa wavu wa samaki badala ya mfano wa mpanzi. Mzee mmoja, jina tunalisitiri, akasikiliza macho amefumba, kisha akasimulia mpanzi, mbegu, ndege na miiba, asiangushe hata punje moja. Loo! Alikuwa ameambiwa mapema somo ni lipi. Tangu hapo Papa Baudouin akaapa kuwatafuta wasiolijua Neno. Akawa anapanda malori mpaka Mongbwalu, kwa wachimba dhahabu. Huko Rachidi, Mwislamu aliyekulia kati ya Walendu, alitukatalia kaseti tatu. "Mutu wenu anasoma sawa vile anakimbizwa," alisema. Tulinuna, lakini alikuwa na haki.

Huyo aliyesoma kama anakimbizwa ni Marcellin, msomaji wetu wa Kilendu. Mei 2003 alikuwa amemaliza mfano wa baba na wana wake wawili, haujahakikiwa bado, vita ya Walendu na Wahema ilipoingia mitaani. Marcellin akakimbia, hatukujua wapi. Papa Baudouin akazifukia kaseti zake kumi na mbili katika gunia la unga wa muhogo, akashika njia ya Boga. Hakukuwa na nakala nyingine. Zikipotea, kazi ya miaka mitano imekwenda. Zikikamatwa, aliyezibeba naye amekwenda.

Zikakamatwa. Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, wenye bunduki walimwaga gunia, wakatia kaseti moja redioni, sauti ya Kilendu ikatoka. Walikuwa wa upande gani? Hajatuambia mpaka leo. Husema tu, "Walikuwa wasikilizaji." Mkubwa wao akataka kujua ni ujumbe wa nani. Basi Papa Baudouin, jamani, akafanya kazi yake! Akamwomba asikilize mpaka mwisho, kisha asimulie.

Yule bwana alikijua Kilendu. Akasimulia mtoto aliyetapanya mali, njaa, baba aliyetoka mbio kumlaki, karamu, na kaka mkubwa aliyekasirika akabaki nje. Hakuacha kitu. Kisha akauliza, "Na ule mukubwa, aliingia?" Papa Baudouin akamjibu ukweli, kwamba habari inaishia pale. Bwana yule akabaki na unga, akamrudishia kaseti zote.

Katika daftari la uhakiki Papa Baudouin aliandika: "Imepita. Barabara ya Boga. Msikilizaji hakutaja jina. Ameuliza kama mkubwa aliingia."

Septemba 2004 Marcellin alirudi kazini. Mimi ninayeandika haya nilikataa kuingia chumba kimoja naye. Nyumba ya wazazi wangu ilichomwa, na waliochoma walisema lugha yake. Yeye hakuchoma kitu, nilijua, lakini moyo ulikataa. Siku saba nilinakili kaseti barazani, jua likinichoma. Papa Baudouin hakunihubiria. Siku ya nane aliniletea lile daftari, limefunguliwa kwenye mstari ule, akaniachia mapajani, akarudi ndani.

Nililia, ndiyo, nililia. Kisha nikabeba mashine yangu nikaingia. Marcellin akasimama, akanipa kiti chake. Jioni nilichungulia daftari. Chini ya lile swali palikuwa na maneno mapya: "Aliingia. 14 Septemba 2004."

Papa Baudouin, aksanti kwa kila "rudieni" iliyotutoa jasho. Mungu akupe magoti yenye nguvu na wajukuu wanaosikiliza mpaka mwisho. Umesema safari yako ya kwanza ya ustaafu ni kumtafuta yule bwana wa barieri, na Marcellin atakusindikiza. Barabara ya Boga sasa inapitika. Nendeni mukamuambie.

Joséphine, mnakili wa kaseti