Karai la Vidonda

Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji, sisi wenye vidonda tulijipanga kila asubuhi nje ya kibanda cha dawa, chini ya milima ya Matogoro. Mganga alikuwa na karai moja na kitambaa kimoja. Aliyetangulia alioshwa kwa maji safi, waliobaki wakaoshwa humo humo.

Mbele yangu alisimama mpagazi mmoja, Hironimus. Hakumwondolea macho Mwamvua, mama wa Kiyao aliyekuwa wa kwanza, ambaye kidonda chake cha kisigino kilikaribia kufunga.

“Mama, leo tena umetangulia wewe?”

“Nimelala hapa, baba. Nawe ungelala.”

“Mguu wako unaoshwa kwa maji. Wangu unaoshwa kwa usaha wako.”

“Kwa hiyo unataka wangu uoze ndipo ufurahi?”

“Sijasema uoze. Nasema usipone peke yako. Mwambie mganga amwage, achote mengine.”

“Nimwambie kwa nini? Yangu ni safi.”

Mimi, wa tatu, niliwaonea wivu wote wawili.

Mganga akatoka na karai limejaa, maji yanang'aa. Mwamvua akanyoosha mguu. Mganga akampita, akaenda kwa punda wa Bwana Mkubwa, yule Mjerumani wa boma; punda alikuwa amechubuliwa mgongo na matandiko, akamwosha taratibu huku akimbembeleza. Aliporudi, maji yalikuwa mekundu, na manyoya yanaelea.

“Wa kwanza!” akaita.

Mwamvua akaukunja mguu wake, akamgeukia Hironimus kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake.

“Pita wewe, baba. Wewe ndiye mgonjwa zaidi.”