Kufunga na Kujifunga

Kijiwe chetu kiko Iringo, hapa Musoma, kati ya duka la vifaa vya ujenzi na saluni ya kiume: benchi moja refu, jiko la mkaa, na birika la Yakobo muuza kahawa. Asubuhi ya Jumatatu hiyo Yakobo alikuwa anamimina bila kudai hela, na kwa wanaomfahamu, hiyo ilitosha kuonyesha kwamba kuna jambo. Machage, dereva wa bodaboda tunayemwita Odi Kubwa, alikaa mwisho wa benchi, kofia ya pikipiki mapajani. Wiki iliyopita alipeleka mnadani mtamba, ng'ombe jike mwenye mimba ya kwanza, akaweka hela yote kwenye beti moja ya Jumamosi. Mtamba hakuwa wake. Ndiye aliyebaki kati ya ng'ombe wa mahari ya dada yake, Boke, na baba yao kabla hajafariki alisema huyo asiguswe, ni wa Boke siku akirudi nyumbani. Sasa Boke ameachana na mumewe kule Nyamuswa. Alikuwa kwenye basi, anakuja kumchukua ng'ombe wake, na hakuna aliyemwambia kitu.

Aliyeanza kuuliza ni Gasper, ambaye sisi humwita Marudio.

MARUDIO: Turudie mwanzo. Uliweka timu gani ishinde?

MACHAGE: Sikuweka timu. Niliweka mtu. Mfungaji wa kwanza, yule beki namba nne.

YAKOBO: Hiyo nayo ni beti? Mi nilikuwaga najua kushinda, kufungwa na sare. Basi. Madam, wewe umesoma, ipo hiyo?

MIMI: Ipo. Unaachana na matokeo ya mechi, unabetia tukio moja la ndani. Kona zitakuwa ngapi, nani atapewa kadi, nani atafunga kwanza. Mechi iishe itakavyoisha, wewe unasubiri tukio lako tu.

YAKOBO: Kumbe unaenda harusini kuangalia nani ataangusha keki.

MIMI: Kama hivyo. Na odi ikiwa kubwa, ujue kampuni ya beti inaona keki haitaanguka. Huyo beki walimpa odi thelathini.

MARUDIO: Yaani elfu moja inarudi elfu thelathini! Na jamaa akafunga?

MACHAGE: Dakika ya kumi na mbili. Kwa kichwa. Niliruka nikavunja kiti cha watu.

YAKOBO: Sasa si umekula!

MACHAGE: Alifunga golini kwake.

Yakobo akaweka birika chini.

MARUDIO: Ngoja, turudie. Mpira uliingia? Uliingia. Wa kwanza? Wa kwanza. Aliyeugusa ni nani? Namba nne. Sasa mfungaji ni nani, refa? Mtu akifunga ndama wake kwenye zizi la jirani kwa bahati mbaya, amefunga au hajafunga?

YAKOBO: Amefunga.

MARUDIO: Basi! Tuwashtaki.

Machage alinipa simu. Nilisoma masharti mara mbili ili nisimpe tumaini la uongo, halafu nikasoma kwa sauti.

MIMI: "Kwa beti za mfungaji, goli la kujifunga halihesabiwi. Mfungaji wa kwanza ni atakayefunga goli linalofuata."

MARUDIO: Na lililofuata?

MACHAGE: Straika wa kule. Kipindi cha pili.

MARUDIO: Lakini kujifunga si ni kufunga?

MIMI: Wameweka "ji" katikati, Gasper.

MACHAGE: Herufi mbili. Zimekula ng'ombe na ndama wake tumboni.

YAKOBO: Mi nakwambia huyo beki alipigiwa simu. Hela ya ng'ombe mzima imeingia, kompyuta yao ikalia, bosi akasema nani huyo wa Musoma, mtafuteni beki haraka.

MARUDIO: Wewe nawe! Mechi inachezwa Ulaya, wakampigie mtu yuko uwanjani? Tatizo ni ziwa. Mnara wa simu uko karibu na maji. Maji yanageuzaga kila kitu. Umebetia goli la huku, kwao limefika la kule.

YAKOBO: Ndiyo maana watu wa Bunda mjini wanakulaga kila wiki!

MARUDIO: Kabisa. Angebetia akiwa Butiama kule juu, saa hizi ana ng'ombe thelathini.

Yakobo alianza kucheka, akamwona Machage, akaacha.

MACHAGE: Mnadani ng'ombe wengine wanasukumwaga kwa fimbo. Yeye alinifuata mwenyewe. Kamba ilikuwa imelegea njia nzima. Alijua nampeleka kunywa maji.

Ndipo Boke akavuka barabara. Ni mwanamke mrefu, anafanana na kaka yake mpaka mwendo, na alikuwa na begi moja mkononi na kamba mpya ya katani begani.

BOKE: Hamjambo jamani? Kaka, twende mapema basi, jua lisije likamchosha njiani.

MACHAGE: Dada, kaa kwanza.

BOKE: Anaumwa?

MACHAGE: Nimemuuza. Nimebetia. Imeliwa yote.

Boke alikaa. Marudio akaanza kumweleza habari ya kufunga na kujifunga. Yakobo akaongeza ya mnara. Mimi nikaeleza odi, nikajisikia ninavyoeleza vizuri, nikanyamaza. Boke alitusikiliza wote bila kugusa kikombe, kisha akamgeukia kaka yake.

BOKE: Na kama huyo mtu angefunga kule kwingine, hizo hela ungefanyia nini?

MACHAGE: Ningekununulia ng'ombe, dada. Haki ya Mungu. Ng'ombe mzuri, wa maziwa.

Boke aliishusha kamba begani, akaiweka mapajani. Aliuliza taratibu, akitutazama mmoja mmoja, kama mtu ambaye kweli hajaelewa.

BOKE: Si nilikuwa naye?