Pindo la Vidole Vinne

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 6 Juni 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi seremala na mkunga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Hesabu zilimpiga chenga, lakini sindano haikumshinda. Mwaka 1977 alipata cheti cha ushonaji, na mpaka leo kimetundikwa juu ya mashine yake, kimeinama kidogo upande wa kushoto.

Kwa zaidi ya miaka arobaini alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kila sketi na kila suruali aliiachia pindo la vidole vinne, ili lifumuliwe mtoto akirefuka. Mzazi akilalamika, alijibiwa papo hapo: "Hebu niache. Mwanao utamwambia asikue?"

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na dereva wa lori la saruji, aliyempelekea suruali ipunguzwe kiuno, kisha akaenda kuiulizia mara nne ingawa ilikuwa tayari tangu mara ya kwanza. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kitinda mimba wao alifariki kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 14 Machi 2009, akiwa na miaka tisa. Mama yake alimshonea mwenyewe gauni la kuzikwa. Alipolipiga pasi ndipo alipoona ameliachia pindo la vidole vinne. Mkono ulikuwa umezoea. Mumewe alikuwa mlangoni, ameshika viatu vya mtoto.

"Tulifumue?" akauliza.

"Liache."

Jumapili iliyofuata, katika Sala ya Bwana, alipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe" alinyamaza, kisha akaendelea na wenzake kwenye mkate wa kila siku. Ikawa hivyo kwa karibu miaka kumi na minne. Ibada hakukosa, na kanzu za kwaya alizishona bure. Aliyejua ni mumewe tu, kwa kuwa walikaa benchi moja. Siku moja uvumilivu ulimwishia.

"Mama watoto, hivi Mungu bado umemnunia?"

Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mashine. "Siwezi kumdanganya mbele za watu. Ameniambia niende, ninakwenda. Kukubali, bado sijafika."

Mwezi Mei 2021 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Dawa alizimeza kama alivyoagizwa, maumivu aliyabeba, na wauguzi aliwakosoa kwa shuka zilizopindwa ovyo. Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa tisa alasiri, mchungaji aliongoza sala kando ya kitanda. Wote walikwisha kufika kwenye mkate wa kila siku. Yeye alikuwa nyuma, peke yake, anasema polepole: "Mapenzi yako yatimizwe."

Akamgeukia mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi. Wewe usiseme mpaka ufike."

Alifariki saa kumi na moja jioni.

Tangu siku hiyo mumewe hajalia. Anasema hasikii kitu, si uchungu wala nini. Asubuhi huifunua mashine, jioni huifunika.

Marehemu ameacha mume, mwana aliye fundi umeme, binti aliye muuguzi, wajukuu watano, wadogo zake wawili, na sare kumi na moja ambazo hazijatiwa vifungo. Gauni alilovaa leo amelishona mdogo wake. Lina pindo la vidole vinne, kwa ombi la mumewe.

Bwana ampokee, apumzike kwa amani. Familia inaomba jambo moja. Tutakaposali hapa kaburini, mumewe akinyamaza mahali pale, asiguswe bega. Bado hajafika.