Fomu Tupu ya Mama Safu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa, wana wawili wa Mama Safu mlioketi naye hapa mbele, na ninyi wafanyakazi wenzangu mnaoitazama meza ya chakula zaidi ya msemaji: salamu nyingi.

Leo anastaafu Mama Safu, mtunza fomu za watu waliopotea. Nilipoajiriwa, fomu kwenye kompyuta zilipangwa juu hadi chini, na kuzilinganisha ilikuwa kazi ya kutoa machozi. Ni yeye aliyezisimamisha ubavu kwa ubavu, kila mtu na safu yake. Ukisogeza skrini kwenda kulia unawapitia mmoja mmoja, kovu kwa kovu, nguo kwa nguo. Wangapi wamerudi kwao kwa mpango huo? Mia mbili na watatu!

Lakini alikuwa na tabia yake. Baada ya safu ya mwisho aliongeza fomu tupu. Nikamwambia, "Mama, hiyo inatuvurugia kazi." Akanijibu, "Mwanangu, aliyepotea asisimame peke yake. Mwekee mwenzake." Nikacheka. Mjinga mimi.

Mwaka jana fomu ile ilianza kujijaza. Kwanza urefu. Kesho yake, shati la bluu, kidole kilichokatika. Niliwafokea wote wenye ufunguo wa ofisi. Wakaapa kwamba si wao. Siku ya tatu akaja mzee mmoja kuripoti mwanawe aliyetoweka asubuhi hiyo hiyo: shati la bluu, kidole kilichokatika. Imetokea mara nne tangu hapo. Tukifuta, maneno yanarudi. Niwafiche nini, ndugu zangu? Naogopa.

Asubuhi ya leo nimesogeza skrini hadi mwisho. Mwanamke, miaka sitini. Kovu la moto mkono wa kushoto. Gauni la zambarau, hilo hilo alilovaa Mama sasa, ambalo wanawe walimnunulia jana. Na mahali pa kuandika alipoonekana mara ya mwisho, pameandikwa: "Ukumbini, hotuba ilipokwisha."

Ninyi wanawe, mshikeni mama yenu mikono, mmoja huku, mmoja huku, wala msimwachie hata akisema anakwenda kunawa. Mama, nitazame mimi. Yale maneno ya shukrani ya kufungia hotuba mnayajua nyote, na leo hamtayasikia kinywani mwangu. Kaeni, ndugu zangu. Sauti bado ninayo.