Mifuko Yote, Kondoo Mmoja: Tunamkumbuka Mwalimu Rudia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka marehemu ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la utani tu: Mwalimu Rudia. Alikuwa fundi mkuu katika maabara ya minyoo ya mifugo. Kila mwaka chuo kilimletea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Aliwapokea mlangoni, akawakagua kucha kabla ya kuwakagua vyeti.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mwanafunzi akihesabu mayai ya minyoo kwenye hadubini na kutaja idadi, Mwalimu alisema bila kuinua macho, "Rudia." Akihesabu tena, aliambiwa, "Haya, sasa nimekusikia." Rafiki yake wa kufa na kuzikana, mfugaji wa kondoo aliyekuwa jirani yake, alimtania: "Na mkeo alipokukubali, ulimwambia arudie?"

"Nilimwambia," alijibu Mwalimu. "Na mama mkwe pia."

Sharti lake kuu lilikuwa hili. Kinyesi cha kupimwa kichukuliwe kwa mkono wenye glavu, kutoka kwa mnyama mwenyewe. Kila mnyama na mfuko wake. Shikeni hilo, wasikilizaji: kila mnyama na mfuko wake.

Mwaka mmoja alikuja binti hodari, mwepesi wa kuelewa. Mwalimu akampenda kama mwanawe wa kumzaa. Mjane wa marehemu anakumbuka: "Koti la maabara alilopewa chuoni lilimpwaya. Nikalipunguza kwa sindano yangu mwenyewe. Alikula mezani petu, akiniita mama."

Msimu huo kondoo wa rafiki yake wakaanza kudhoofika. Mwalimu alikuwa amebanwa na kazi, akamtuma binti huyo zizini peke yake. Kondoo walikuwa wakorofi, madume yakipiga vichwa hovyo. Mmoja tu alikuwa mpole, jike lenye sikio lililokatika. Binti alirudi na mifuko imefungwa vizuri, kila mmoja na namba yake. Kila mfuko ulipopimwa, mayai yalikuwa machache mno.

Mwalimu alivua miwani. "Mwanangu, ulimshika kila mmoja?"

"Wote, Mwalimu."

"Rudia."

"Niliwashika wote."

Akamwamini. Akatia sahihi kwamba minyoo si tatizo, wala dawa haihitajiki.

Haukupita muda, kondoo wakaanza kuanguka. Fizi zao zilikuwa nyeupe kama chaki, na chini ya taya walivimba. Mwalimu alikimbilia zizini, akachukua vipimo kwa mkono wake. Kondoo waliosalia walijaa mayai ya minyoo, isipokuwa mmoja. Ni lile jike lenye sikio lililokatika. Hapo akaelewa. Mifuko yote ilijazwa kinyesi cha kondoo mmoja. Narudia, wasikilizaji: mifuko yote, kondoo mmoja.

Wakuu wa maabara waliwaita wote wawili, na mfugaji akakaribishwa asikilize. Binti akasimama katika koti lile lililopunguzwa kwa sindano ya mama. Akasema, "Mwalimu ndiye aliyeniambia kondoo mmoja atatosha."

Mwalimu alimtazama kama mtu anayemtafuta mwingine nyuma ya sura ile. Kisha akasema, "Sikusema hivyo. Lakini sahihi ni yangu."

Wakamwamini binti. Mwalimu akaondolewa kwa wanafunzi, akapelekwa stoo kuhesabu chupa. Binti akamaliza mafunzo yake kwa sifa nzuri. Lakini lililomkata maini Mwalimu halikuwa stoo. Ni kwamba rafiki yake naye aliamini. Tangu siku ile, wakikutana njiani, mfugaji aliangalia upande wa pili.

Miaka ilipita. Mwalimu alipolazwa, binti yule alikuja kumjulia hali. Sasa ni daktari wa mifugo anayeheshimika. Alileta matunda, akazungumza habari za kazi yake. Alipoinuka kuondoka, akasema, "Mwalimu, wewe ulinifundisha ukweli."

Mgonjwa akafumbua macho. "Rudia."

Daktari akacheka, akidhani ni utani wa zamani. Akarudia neno kwa neno, akaenda zake. Mwalimu akageukia ukuta.

"Nilimuuliza, 'Baba watoto, hakusema?'" anasimulia mjane. "Akanijibu, 'Hakusema.' Alimngoja aukiri uongo wake mara moja tu. Hata kwa kunong'ona."

Siku ya maziko, daktari aliomba kipaza sauti ili amsifu marehemu. Mjane alikizuia kwa kiganja. "Keti, mwanangu. Haya hayahitaji kipaza sauti."

Wasikilizaji wapendwa, familia imetuomba tusilitaje jina la daktari huyo, nasi hatukulitaja. Imetuomba pia tuseme jambo moja kwa mfugaji, ambaye hatukumwona makaburini. Mzee wetu, kama unatusikiliza: rafiki yako hakusema kondoo mmoja atatosha. Hakusema hivyo.

Kwa mjane, watoto na wajukuu, tunatoa pole za dhati. Mungu awatie nguvu, nanyi mtembee kichwa juu.

Na wewe uliyewahi kumsingizia mwenzako ili kujiokoa, tafakari leo. Huenda uliyemsingizia ameshazikwa. Lakini yule aliyeuamini uongo wako bado yu hai, na nyumba yake haijahama.